Gurudumu la Kipanya Lisikubadilishie Pesa Unayolipa

Unalipa karo kwa kompyuta. Umeandika 5000 kwenye kisanduku cha kiasi, ukazungusha gurudumu la kipanya ushuke hadi kitufe cha kulipa. Ukicheki tena, kiasi kinasoma 4997. Usidhani akaunti yako imeingiliwa. Ni gurudumu tu.

Kwenye baadhi ya kurasa, kisanduku cha nambari husikiza gurudumu. Kasa ikiwa bado inapepesa ndani yake na mshale wa kipanya uko juu yake, ukizungusha kuelekea chini nambari inapungua, mara nyingi moja moja, na ukizungusha juu inaongezeka. Vitufe vya mishale kwenye kibodi pia hufanya hivyo. Kiasi kikipungua bob tatu, utaongeza baadaye. Shida kubwa ni nambari ya akaunti: ikibadilika tarakimu ya mwisho, karo ya mtoto wako inaweza kuingia kwa mwanafunzi mwingine.

Dawa ni rahisi. Ukimaliza kuandika, bofya mahali patupu kwenye ukurasa, ndipo uzungushe gurudumu.

Kama ukurasa unaruka sana, punguza kasi. Kwenye Windows 11 fungua Settings, ingia “Bluetooth & devices”, kisha “Mouse”. Utaona idadi ya mistari inayopita kila unapozungusha. Kawaida huwa 3. Weka 1 au 2. Wanaotumia Firefox wanaweza pia kuwasha “Use smooth scrolling” kwenye Settings, sehemu ya General, ili ukurasa uteleze badala ya kuruka. Na kama maandishi yamekuwa makubwa au madogo ghafla, huenda ulizungusha gurudumu ukiwa umeshikilia Ctrl. Bonyeza Ctrl na 0, yatarudi sawa. Kwa kompyuta ya saiba, mipangilio huenda imefungwa, kwa hivyo tegemea ile dawa ya kubofya nje.

Malipo mengi ya mtandaoni hukuletea ujumbe kwenye simu ukiomba PIN. Ujumbe huo huonyesha kiasi na jina la anayelipwa, na mara nyingi nambari ya akaunti pia. Usome wote, hata kama kuna foleni nyuma yako. Kitu kimoja kisipolingana, usiweke PIN. Ghairi, rudi kwenye ukurasa uandike upya.