Matairi ya Theluji kwa Pikapu ya 4x4: Mafunzo Niliyopata Calgary

Kila mwaka Oktoba ikikaribia, ndugu zetu waliohamia Calgary karibuni huuliza swali moja: "Pikapu yangu ni 4x4, matairi ya theluji ya nini tena?" Wengi wametoka Mbeya, Eldoret, Goma au Bujumbura. Tope wanalijua, milima wanaijua, na bei ya matairi manne mapya inawauma baada ya kununua gari. Mimi naendesha pikapu hapa Alberta kwa kazi ya ujenzi. Nabeba mbao na vifaa mjini, Canmore, na mara nyingine navuka milima hadi Golden, jimbo la British Columbia. Haya ndiyo niliyojifunza, na nayaandika kwa sababu swali hilo linagusa uhai wa watu.

1. Kuvuta ni kitu kimoja, kusimama ni kingine

Kazi ya 4x4 ni kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne. Kwa kuondoka kwenye theluji, kupanda kilima au kujinasua pembeni mwa barabara, haina mpinzani. Lakini ukikanyaga breki, nguvu ya injini haihusiki tena. Kila gari, hata lile dogo linalovuta kwa magurudumu mawili ya mbele, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kinachokusimamisha ni mpira unaogusa barabara, na kila tairi linagusa kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba 4x4 humficha dereva utelezi. Mwenye gari la kawaida akiondoka kwenye taa, magurudumu yanazunguka bure kidogo, naye anajua papo hapo kwamba leo barabara ni mbaya. Mwenye pikapu anaondoka bila tatizo, anafika kilomita 80 kwa saa bila kuhisi lolote, na habari ya barafu anaipata siku hiyo kwa mara ya kwanza anapohitaji kusimama. Ndiyo maana asubuhi ya theluji ya kwanza, kwenye barabara kuu ya Deerfoot Trail, utaona pikapu zenye nguvu zote zimelala mtaroni.

Jambo moja zaidi hapa. Pikapu nyingi zina 4x4 ya kuwasha na kuzima, ambayo hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Kwenye kona ekseli hizo hutaka kasi tofauti. Juu ya theluji matairi huteleza kidogo na kuzipa nafasi, lakini juu ya lami kavu mzigo wote unaishia kwenye gia. Barabara ikikauka, izime.

2. Baridi hubadilisha mpira wenyewe

Hili nililielewa kwa vidole. Fundi mmoja Mkongo alikuwa na matairi mawili yaliyolala nje usiku kucha, baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Moja lilikuwa la kiangazi, jingine la theluji, yote mapya. "Kaka, bonyeza kwa ukucha," aliniambia. La kiangazi lilikuwa gumu kama mbao. La theluji liliachia, ukucha ukazama kidogo.

Mpira wa matairi ya kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Hata theluji haijaanguka, hata lami ni kavu, tayari mshiko umepungua. Matairi ya theluji huchanganywa kwa namna nyingine, yakiwa na silika nyingi, ili yabaki laini kwenye baridi kali. Ulaini huohuo ndio unaoyafanya yaliwe haraka Julai kwenye lami ya moto, kwa hiyo Aprili au Mei yanavuliwa. Ukiweza, nunua rimu za chuma za pili uyaache humo moja kwa moja, kwani kuvua na kuvisha tairi kwenye rimu ileile mara mbili kila mwaka kunagharimu na kunachosha kingo zake.

3. Soma ubavu wa tairi, na ujue kila alama inaahidi nini

Herufi M+S zimewadanganya wengi. Maana yake ni tope na theluji, lakini tairi linazipata kwa umbo la kashata zake tu, yaani nafasi kati ya vipande vya mpira. Halilazimiki kujaribiwa kwenye theluji. Karibu kila tairi linaloitwa la misimu yote linazo.

Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake. Ilianza kutumika mwaka 1999, na tairi haliruhusiwi kuibeba mpaka lifikie kiwango fulani cha mshiko kwenye jaribio la theluji iliyoshindiliwa. Hata hivyo jaribio hilo hupima zaidi uwezo wa tairi kuvuta gari kwenda mbele. Halipimi breki juu ya barafu. Kwa hiyo matairi mawili yenye alama ileile yanaweza kutofautiana sana siku ya barafu. Mimi naichukulia alama ya mlima kuwa kiingilio: tairi lisilokuwa nayo silitazami, na lenye nayo naendelea kuliuliza maswali.

4. Uzoefu wa tope haukusaidii hapa

Hili ndilo gumu kuliko yote kuwaeleza ndugu zetu, kwa kuwa uzoefu wao ni wa kweli. Aliyeendesha Land Cruiser masika kwenye barabara za Rungwe au Masisi anaamini tairi zuri ni lile lenye kashata kubwa na mifereji mipana. Akifika huku anaona pikapu za vijana zimevaa matairi kama hayo, makubwa na ya kutisha, anasema: ndiyo haya.

Tairi la tope limeundwa litupe tope. Mifereji ni mipana ili kila mzunguko uchafu urushwe nje, na kashata zifike chini kwenye ardhi ngumu. Theluji inataka kinyume chake. Theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira, kwa hiyo tairi zuri la theluji linaiweka ndani ya mifereji yake, linaishindilia, kisha theluji iliyonaswa kwenye tairi inaing'ang'ania theluji ya barabarani. Mwisho wa safari ukikuta tairi limejaa weupe kwenye mifereji, usidhani limezibwa. Linafanya kazi.

Tazama pia uso wa kila kashata. Kwenye tairi la theluji utaona mikato myembamba mingi mno, mingine yenye mawimbi. Gari likikanyaga, mikato hiyo hufunguka, na kila ukingo unauma barafu. Tairi la tope lina vipande vikubwa, vigumu, vyenye kingo chache. Kwenye theluji nene isiyoguswa, kwa mwendo wa pole porini, linaweza kuchimba na kupita. Kwenye barafu iliyosuguliwa na magari elfu mbele ya taa za barabarani, ni tairi baya, na ninasema hivyo bila kusita.

Katikati yapo matairi ya njia zote, yale ya changarawe na lami, na baadhi yana alama ya mlima, kama BFGoodrich KO2. Anayefanya kazi kwenye visima vya mafuta au mashambani, anayehitaji tairi lisilochanwa na mawe, nitamwelewa akiyachagua. Anayeishi mjini, anayepeleka watoto shule kila asubuhi, namwomba anunue tairi halisi la theluji.

5. Ogopa barafu ya siku ya joto

Calgary ina upepo unaoitwa chinook, upepo wa joto unaoshuka kutoka Milima ya Rocky. Asubuhi unaweza kuamka na nyuzi 20 chini ya sifuri, na jioni theluji inatiririka kwenye mifereji. Watu hufurahi na kuvua makoti. Usiku ukiingia, maji yale yanaganda yakawa barafu nyembamba isiyoonekana, rangi yake ni ya lami yenyewe.

Wageni wengi hudhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo barabara inavyoteleza. Barafu ya nyuzi 25 chini ya sifuri ni kavu, na tairi linapata pa kushika. Barafu iliyo karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake, na utando huo ndio utelezi wenyewe. Watengenezaji wa matairi wamehangaika nao miaka mingi. Bridgestone walitoa Blizzak huko Japani mwaka 1988, tairi ambalo mpira wake una vinyweleo vidogo vya kunyonya maji hayo. Ukinunua matairi kwa ajili ya Calgary, uliza kuhusu barafu iliyolowa kabla ya kuuliza kuhusu theluji nene, maana theluji nene huku husukumwa na magreda, lakini barafu ya chinook inakungoja kwenye kila makutano.

6. Misumari ina mahali pake

Yapo matairi yenye vijisumari vya chuma kigumu cha tungsteni vinavyochomoza kidogo kwenye kashata. Kwenye barafu iliyolowa hayana mpinzani, na Wafini, ambao kiwanda chao cha mjini Nokia kilitoa tairi la theluji mwaka 1934, wanayatumia mpaka leo. Lakini kwenye lami kavu yana kelele, yanashika vibaya kuliko mpira mtupu, na yanakula barabara. Japani iliyadhibiti kwa sheria mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu ya vumbi la lami lililojaa hewani mijini. Alberta inayaruhusu, wakazi wa kusini mwa Ontario hawaruhusiwi kuyafunga.

Maoni yangu: anayelala shambani, au anayepanda milimani kabla ya gari la chumvi na mchanga kupita, ayafunge, tena yote manne. Anayezunguka mjini tu hayahitaji.

7. Uzito na upepo

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika yenye saizi ya tairi na upepo wake. Anzia hapo. Pikapu ndogo nyingi hutoka kiwandani na matairi ya aina ya magari madogo, ilhali zile kubwa za kubeba na kuvuta mizigo zinahitaji matairi yenye herufi LT mwanzoni mwa saizi. Usishuke daraja ili kuokoa pesa: tairi la gari dogo chini ya pikapu iliyobeba saruji linaweza kupasuka. Ukipanda kutoka la kawaida kwenda LT, kumbuka linahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule.

Upepo hupungua kwa kipimo cha psi 1 hivi kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Ukijaza 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri utasoma kama 28. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Wapo wanaopunguza upepo makusudi kama kwenye mchanga. Barabarani kwenye barafu usifanye hivyo.

Nyuma ya pikapu tupu ni nyepesi, na hurushwa upande kwenye kona. Mifuko michache ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, iliyofungwa isiteleze, inasaidia sana. Ukikwama, mchanga huohuo unaumwaga chini ya matairi.

8. Manne, yanayolingana, na si mazee

Kufunga matairi mawili ya theluji mbele na kuacha ya zamani nyuma ni kuomba gari lizunguke. Kwenye 4x4 kuna sababu ya pili: matairi yenye mzingo tofauti huzunguka kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo inaitafuna boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukarabati wake unapita bei ya matairi manne.

Matairi ya mitumba yapo tele. Kabla ya kulipa, pima kina cha kashata, kwani likifika milimita 4 au 5, tairi la theluji limeshapoteza sehemu kubwa ya kazi yake hata kama linaonekana zima. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira hukauka kwa umri hata ukikaa stoo.

9. Sheria hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo

Alberta haikulazimishi kufunga matairi ya theluji. Ukivuka kuingia British Columbia, kwenye barabara nyingi za milimani ni lazima kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, yenye M+S au alama ya mlima, na kashata zisizopungua milimita 3.5. Quebec ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Polisi anaweza kukurudisha ulikotoka, na kosa likitokea huko huna cha kujitetea.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyenunua pikapu mwaka huu: acha bampa mpya, acha taa za urembo, nunua matairi manne yenye alama ya mlima. Weka miadi ya gereji Septemba. Theluji ya kwanza ikishaanguka, kila mtu mjini anapiga simu siku hiyohiyo, na utaendesha kwa matairi ya kiangazi wakati ukisubiri zamu yako.