DARSA: CHAKULA CHA MANASARA NA MEZA YENYE ULEVI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Masahaba wake. Ama baad.

Imetufikia barua kutoka Migori, ya kijana aliyekuwa akihudhuria darsa zetu kabla hajasafiri. Kijana huyu alitumika miaka sita Malindi katika mkahawa wa jamaa mmoja wa Kitaliano, pembezoni mwa mji: baba ndiye mpishi, mama hupokea fedha, binti yao huandika hesabu, na ubavuni mwa chumba cha kulia ipo baa. Anashuhudia kwamba walimtendea wema, wakampa nafasi ya kusali, na Ramadhani wakimwachia aondoke mapema akafuturu na wanawe. Lakini kazi yake ilikuwa kupeleka mezani kila kilichoagizwa, na mvinyo ukiwamo. Mwaka jana mjomba wake, mwenye duka Migori, alimwita akamsaidie, naye akaiacha kazi ile. Sasa anauliza: fedha alizochuma Malindi zina hukumu gani? Na hoteli za Migori na Homa Bay, ambazo nyingi wenyewe ni Manasara na baadhi yake zina baa, je, ale humo? Na wafanyabiashara wenziwe wakimwalika huko, aende au akatae?

Tumeona tumjibu hapa, kwani swali hili si lake peke yake. Malindi imekaa na Wataliano tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia vyombo vya anga huko Ngomeni, hata leo watoto wa mtaani husema Kitaliano kabla hawajajua kusoma. Na watu wetu wa pwani wanaokwenda bara kwa biashara, wakafuata njia ya Kisii hadi Migori na mpakani Isebania, au wakateremka Homa Bay kwenye Ghuba ya Winam kununua samaki, ni wengi. Sisi wenyewe tumefika huko, tukaona watu wa namna mbili. Wa kwanza huagiza chochote bila kuuliza, akisema safari ni dharura. Wa pili hushinda kwa chai na mkate siku nne, na akirudi nyumbani huwasimulia watu kwamba bara hakuna chakula cha Mwislamu. Wote wawili hawakusoma.

Mwenyezi Mungu amebainisha katika aya ya 5 ya Suratul Maida kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu, na chetu ni halali kwao. Na Mtume (S.A.W.) alikula nyama ya mbuzi aliyoletewa na mwanamke wa Kiyahudi huko Khaybar, nayo ilikuwa na sumu, hakuuliza ni nani aliyechinja. Ama samaki, hilo halina mzozo: samaki hachinjwi, wala haulizwi dini ya aliyemvua. Ngege na omena wa Homa Bay ni halali, na mbuta pia, huyo aliyeletwa katika ziwa lile zamani za Wakoloni, ambaye tumesikia mtu akimtilia shaka kwa ukubwa wake tu! Linaloulizwa ni mafuta. Ikiwa karai lililokaangiwa samaki ndilo linalokaangiwa nguruwe, samaki yule amekwisha najisika. Basi muulize mpishi, kwa adabu. Tumewauliza wengi huko wala hapana hata mmoja aliyekasirika, na wengine walitujibu kabla hatujamaliza swali, kwa kuwa wamezoea wageni Waislamu.

Katika nyama ndipo penye maneno. Madhehebu yetu ya Shafi wameweka sharti kwamba Mnasara asiyekuwa wa Bani Israili haliwi chinjo lake ila ikijulikana kwamba wazee wake waliingia dini ile kabla haijageuzwa na kufutwa. Kwa sharti hili, Mjaluo ambaye babu yake alibatizwa na wamisheni karne iliyopita haliwi chinjo lake. Khitilafu hii ni ya tangu Masahaba. Sayyidna Ali alikataza chinjo la Bani Taghlib, Waarabu wa Kinasara, akisema hawakushika katika Unasara ila kunywa ulevi. Na Ibn Abbas akalihalalisha chinjo lao. Imam Shafi alifuata kauli ya kukataza, na wengi katika maimamu wengine walifuata ya kuhalalisha.

Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal, Afrika ya Kusini, walimwandikia Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, wakamuuliza juu ya nyama iliyochinjwa na Manasara wa huko kwa namna isiyokuwa yetu. Akawajibu kwamba wale, akiitegemea aya hiyo hiyo. Magazeti ya Cairo yalimshambulia vikali, na Sayyid Rashid Ridha akamtetea katika al-Manar. Sisi tunaona kwamba aya imetaja waliopewa Kitabu bila kuuliza nasaba, na kumtaka msafiri achunguze babu wa mchinjaji alibatizwa mwaka gani ni kumtwika asiloliweza. Mwenye kushika kauli ya madhehebu kwa wara' tunamheshimu, maadamu hamwiti nduguye mla haramu. Na kwa desturi ya nchi yetu mambo ni mepesi kuliko hivyo, kwani katika machinjio mengi ya Kenya wachinjaji huajiriwa Waislamu makusudi, ili nyama iuzike kwa watu wote. Ukiwa na shaka, uliza. Ukikosa wa kumuuliza, samaki wapo.

Lakini kuhalalishiwa chakula chao si kuhalalishiwa kila kilichomo chunguni mwao. Nguruwe ni haramu akichinjwa na yeyote. Na kijana wetu, aliyekaa jikoni mwa Wataliano miaka sita, ametufunulia mambo tusiyoyajua. Mchuzi wa nyama unaomiminwa juu ya pasta, mara nyingi huchanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, tena hutiwa mvinyo. Ile pasta waiitayo carbonara, asili yake hupikwa kwa mafuta ya shavu la nguruwe. Wali wao wa risotto hutiwa mvinyo mwanzoni. Hata kitamutamu chao cha tiramisù, alichokula mzee mmoja tunayemjua akakisifu sana, aghalabu kina ulevi. Na wasemao kwamba moto huondoa ulevi, tunawajibu kwamba mvinyo ni najisi katika madhehebu yetu, na chakula kimenajisika tangu ulipomiminwa, moto ukae usikae. Piza ya jibini na nyanya, au ya samaki, haina neno. Ama jibini yenyewe, ile ngumu hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama, na maulamaa wamekhitilafiana. Imam Abu Hanifa ameihesabu kuwa tahiri, nasi hatumkatazi mtu. Na vyombo, Abu Thaalaba al-Khushani alimwuliza Mtume (S.A.W.) swali hili hili, kwa kuwa aliishi katika nchi ya Ahlul Kitabi, akaamrishwa atafute vyombo vingine, akikosa avioshe kisha alie humo. Sahani iliyooshwa, basi, imetosha.

Tumefika kwenye meza. Imepokewa na Jabir, na wameitoa Tirmidhi na wengine, kwamba Mtume (S.A.W.) amemkataza mwenye kumwamini Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa ulevi. Na Umar bin Abdulaziz aliletewa watu waliokamatwa kwenye ulevi. Akaambiwa kwamba mmoja wao alikuwa amefunga. Hakumsamehe, akamhesabu pamoja nao kwa kukaa kwake, akaisoma aya ya 140 ya Suratun Nisaa. Basi akialikwa kijana wetu, na mwenyeji wake ataweka chupa mezani, asikae. Ikiwa baa iko chumba kingine na meza yake haina ulevi, naye ana haja ya kula, tunaona yafaa pamoja na karaha. Na akipata hoteli isiyo na baa, asiiache kwa uvivu wa hatua mia mbili.

Hata hivyo asikatae kwa uso uliokunjwa. Mjaluo aliyekualika amekukirimu kwa alichonacho, wala hajui sheria yako. Mwambie mapema kwamba meza yenye pombe huikai, na mara nyingi ataiondoa kwa heshima yako. Na Imam Nawawi katika Minhaj amesema kwamba ikiwa munkar utaondoka kwa kuhudhuria kwako, basi hudhuria. Akishindwa, mwalike wewe nyumbani kwa mjomba wako, umpikie pilau.

Imebaki ile ijara. Hatuwezi kumficha: katika hadithi ya Anas wamelaaniwa watu kumi kwa sababu ya ulevi, na mwenye kuubeba na mwenye kuunywesha wamo. Kupeleka piza ni kazi ya halali, kupeleka mvinyo siyo, na mshahara mmoja ulichanganya yote mawili. Lakini ameacha, na katika aya ya riba, ya 275 ya Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu amemwachia yaliyopita mtu aliyefikiwa na mawaidha akakoma. Tunaipima kadhia yake kwa hiyo. Alichokwisha kula na wanawe hatumdai. Akiba iliyobaki, akadirie sehemu ya ulevi kwa dhana yake, awape mafakiri, wala asiihesabu kuwa sadaka.

Na kuna jambo katika barua yake ambalo hakuliuliza. Kabla mjomba hajamwita alizunguka Malindi miezi minne akiomba kazi kwa Waislamu wenye maduka na magari. Wote walimwambia kazi yake ni haramu, na walisema kweli. Hapana aliyempa nyingine. Baadhi yao husoma gazeti hili, na vijana wengine wa darsa yetu wangali wanabeba chupa katika mikahawa ile hivi sasa. Mwenye nafasi dukani mwake atuletee habari baada ya sala ya Ijumaa, nasi tutampa majina.

Wallahu aalam.