Kutoka Sebuleni Hadi Kifundoni: Mafunzo Sita ya Mchora Skrini

Kwa miaka mingi nilichora kurasa za simu na kompyuta. Nilipopewa kazi ya programu ya filamu kwa ajili ya runinga, kisha nyingine ya saa janja ya kukumbusha dawa, nilidhani ni suala la vipimo tu: ya runinga nitaikuza, ya saa nitaipunguza. Shangazi yangu wa Temeke, aliyekubali kuzijaribu zote mbili nyumbani kwake, ndiye aliyenitoa ujinga.

1. Simama mbali na kazi yako

Mezani kwangu skrini iko umbali wa mkono. Sebuleni kwa shangazi, kochi liko kama mita tatu kutoka kwenye runinga. Herufi nilizoziona nene zikawa sisimizi. Ilibidi ainuke, asogee, asome, arudi kuketi. Rangi nazo ziliniumbua: kijivu juu ya kijivu, kilichonipendeza sana ofisini, kilipotea pazia lilipofunguliwa mchana. Siku hizi kabla ya kuikubali kazi yangu mwenyewe narudi hadi ukuta wa nyuma, taa zikiwaka.

2. Pembeni usiweke kitu cha maana

Runinga za zamani za chogo zilikuwa zikimega kingo za picha, na baadhi ya runinga bapa bado huja zimepangwa kuikuza picha kidogo mpaka kingo zinapotea. Ndiyo maana mwongozo wa Android TV hutaka takriban asilimia 5 iachwe wazi kila upande: kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, hizo ni pikseli 96 kushoto na kulia, na 54 juu na chini. Mimi niliona ni kupoteza nafasi. Nikaandika "Rudi" kwenye kona kabisa, na kwa shangazi R ikamezwa.

"Mwanangu," akaniuliza, "huu udi wa nini kwenye TV?"

3. Rimoti hutembea, hairuki

Kwenye simu mtu hugusa anachokitaka papo hapo. Mwenye rimoti ana mishale minne, kitufe cha katikati na cha kurudi. Husogea hatua kwa hatua kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kila hatua lazima ajue amesimama wapi na jiwe linalofuata liko wapi. Nilikuwa nimekizungushia kitufe kilichochaguliwa mstari mwembamba tu, shangazi akapotea. Sasa kitufe hicho hukua na kuwaka.

Halafu kuna nailoni. Rimoti yake haijawahi kuvuliwa nailoni tangu siku iliponunuliwa, kwa hiyo kubonyeza mara moja huweza kuwa mara mbili, au kusiwe kabisa. "Futa" nimeihamishia mbali na "Endelea", tena ina swali la kuthibitisha. Na nywila sitaki tena iandikwe kwa mishale, herufi moja moja: runinga huonyesha tarakimu chache, mjukuu akazijaza kwenye simu, kazi imekwisha.

4. Saa hutupiwa jicho tu

Mchoro wangu wa kwanza wa saa ulikuwa na orodha ya vitu vinane. Lakini mvaaji ana sekunde chache, na mkono mwingine umeshika bomba la daladala au una unga wa chapati. Nikabakiza sentensi moja na vitufe viwili: "Nimekunywa" na "Baadaye". Mandhari nikayafanya meusi, kwa sababu kwenye kioo cha OLED pikseli nyeusi huwa imezimwa, na betri hushukuru.

5. Andika Kiswahili kwanza, kitufe baadaye

Uso wa saa hiyo ni duara, na duara lililochorwa ndani ya mraba hukosa asilimia 21 na ushee ya eneo la mraba huo, na kinachopotea ni kona zile zile tulizozoea kufichia vitu. Kiswahili nacho hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "nitakukumbusha" lina herufi 14 na halina mahali pazuri pa kukatwa. Nilichora vitufe nikiwa na maneno ya Kiingereza kichwani, kisha nikatafsiri, vikafurika. Sasa maneno hutangulia, na yaliyo marefu hukaa katikati, kwenye upana wa duara.

6. Saa ni ya mvaaji

Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Dawa ya presha ya shangazi ni ya saa mbili asubuhi. Saa ikatikisika kwa wakati, ikaandika: "Kunywa dawa, saa 8:00." Nilipompigia jioni aliniambia inafanya kazi vizuri, ila inakumbusha mapema mno. Alikuwa amesubiri mpaka saa nane mchana ndipo akanywa.

Wazee wetu hawababaishwi na namba 8 kwenye saa ya ukutani. Akrabu ikiwa hapo wanasema "mbili", hesabu wanaimalizia kichwani. Kosa langu lilikuwa kutanguliza neno "saa" ndani ya sentensi ya Kiswahili: hapo namba ikawa ya Kiswahili, na nane ikawa nane kweli. Niliandika upya: "Dawa ya asubuhi, saa mbili." Namba za kwenye uso wa saa sikuzigusa.

Ofisini tulikuwa tumeijaribu arifa ile mara nyingi, na kila mara ilifaulu: ilitikisika kwa dakika ile ile tuliyoipangia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na dawa ya kunywa.