Miezi Mitatu Maskati kwa Shangazi: Vidokezo vya Kulinda Mfuko

Tiketi ipo, viza shangazi kaishughulikia, na chumba kimeshatandikwa huko Al Khoudh. Anayekuuliza habari ya pesa za matumizi unamjibu kwa raha: mie nalala kwa watu, nakula kwa watu, pesa za nini tena? Ni kweli, kwa jamaa hulipi kitanda wala sahani. Unalipa petroli, samaki, mkono wa Idi, harusi ya mtu usiyemjua, na aiskrimu za watoto saba waliojazana gari moja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuja na ankara, ndiyo maana wapo wanaomaliza pesa mwezi wa kwanza, wakabaki miezi miwili wakijifanya hawapendi kutoka.

1. Nunua dola pole pole ukiwa bado nyumbani

Riali ya Oman imefungwa kwenye dola kwa bei ileile tangu 1986: riali moja ni dola 2.60. Ukifika Maskati na dola 500 utapata kama riali 192, leo au mwezi ujao, na duka moja la kubadilishia fedha halitapishana na jingine isipokuwa kwa kiasi kidogo. Usipoteze asubuhi nzima Ruwi ukitafuta bei nzuri. Nauli ya teksi itaimeza hiyo faida. Kinachopanda na kushuka ni shilingi yako mbele ya dola, na mchezo huo uko huku kwetu. Kwa hiyo miezi minne mitano kabla ya safari, kila pesa ikipatikana, nunua kidogo uweke. Dai noti safi, maana iliyochanika au kuchorwa kalamu inaweza kurudishwa dirishani. Shilingi zenyewe ubebe za teksi ya siku ya kurudi, basi.

2. Lizoeze jicho kusoma riali

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Unashika chupa ya mafuta ya nywele, kikaratasi kinasema 1.950. Jicho lililozoea bei za maelfu linaona "moja na kitu", na mkono unaingia mfukoni wenyewe. Lakini dola ikiwa Sh2,600, riali moja ni Sh6,760, na hiyo chupa imekutoka kwa zaidi ya Sh13,000. Kwenu ungeishika, ukaigeuza, ukairudisha rafuni.

Hatari zaidi ni yale maduka ya vitu vya baisa mia, mia tatu, mia tano. Vibanio, vikombe, vifuniko vya sahani, ua la plastiki. Unatoka na mfuko wa riali nne ukijiona umepata, kumbe umeacha Sh27,000 kwa vitu vilivyojaa Darajani na Kariakoo.

Dawa yake ni rahisi: zidisha kwa saba, weka elfu. Riali tatu, elfu ishirini na moja. Kwa bei hiyo ya dola utakuwa umezidisha kidogo, na hicho ulichozidisha ni akiba. Fanya hivyo wiki mbili tatu za mwanzo, kisha acha, maana ukiendelea kubadilisha kila kitu kwa shilingi hutakunywa hata chai ya karaki ya baisa mia, na hapo utakuwa umesafiri kwenda kujitesa.

3. Gawa pesa kabla hazijagawika zenyewe

Tuseme umekusanya dola 900. Hizo ni kama riali 346. Toa 60 uzifungie, usiziguse: hizo ni za daktari wa ghafla, mzigo uliozidi, au tarehe ya viza iliyokupita, maana faini ya kupitiliza ni riali 10 kwa kila siku. Toa nyingine 60 za kutoa: Idi, harusi, mtoto aliyezaliwa, bahasha za kuagia. Toa 90 za kuchangia nyumba, 30 kila mwezi. Umebaki na 136, na miezi mitatu ni wiki 13. Una riali 10 kwa wiki, na chenji.

Kumi ni chache? Kwa mtu anayelala na kula kwa shangazi, zinatosha. Zinakuwa chache siku unapoanza kukutana na marafiki kwenye migahawa ya kahawa yenye viti vya ngozi, ambako kikombe kimoja ni riali moja na nusu au mbili, na keki haimo.

4. Wiki yako ya pesa ianze Alhamisi

Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo purukushani huanza Alhamisi jioni. Ndipo mtaitwa kwenda Qurum ufukweni, ndipo binamu watataka kula nje. Ukihesabu wiki kuanzia Jumapili, Alhamisi itakukuta umebakiwa na sarafu. Chukua kumi zako Alhamisi alasiri. Jumapili wenyeji wakirudi kazini wewe utabaki nyumbani na kiyoyozi, na huko hata riali mbili zinafika mbali.

Mkienda kula, bili ya watu wanane usiigombanie. Mkubwa ndiye atakayelipa, na ukishindana naye unamuudhi bure. Gombania ya chai.

5. Mchango usiupitishe mkononi mwa mwenyeji

Ukimwendea shangazi na riali 30 ukamwambia "hizi za matumizi", atazisukuma nyuma, pengine anune hadi Magharibi. Kamlea baba yako, leo umlipe chakula? Lakini nyumba ya Maskati wakati wa joto, na viyoyozi vinanguruma usiku kucha, si nyumba ya bei ndogo, na kukaa miezi mitatu bila kutia kitu ni aibu ambayo hakuna atakayeitamka mbele yako. Methali ya mgeni na jembe tunaijua sote. Al Khoudh hakuna konde la kulima, basi jembe lako ni kituo cha mafuta.

Fanya hivi. Mmesimama kwenye pampu, binamu kwenye usukani, kijana wa kituo kainama dirishani. Kabla binamu hajaichomoa pochi, wewe noti ya riali 10 umeshaipitisha mbele ya kifua chake. Lita moja ya petroli haifiki robo riali, kwa hiyo noti hiyo inatia lita 40 na zaidi. Binamu atapiga kelele, "Aa, we mgeni bwana!" Mwache apige. Jioni habari itamfikia shangazi, na itamfurahisha kuliko pesa mkononi.

La pili ni samaki. Ijumaa asubuhi fuatana na mjomba sokoni, Seeb au Mutrah, na ukishamwona kachagua, lipa wewe. Ila angalia kalenda: kuvua nguru kunapigwa marufuku kila mwaka kuanzia Agosti 15 hadi Oktoba 15 ili wazaliane, na wakati huo usijitie ujuba wa kutafuta nguru. Jodari au changu wanatosha kabisa, na mjomba hatakuhukumu.

Vitu vingine vya kuingia navyo mlangoni: gunia dogo la mchele, katoni ya maji, matunda. Biskuti na soda usijisumbue, zimejaa.

6. Zawadi zitoke nyumbani

Doti ya kanga uliyoinunua Darajani ina uzito Maskati ambao chupa ya manukato ya palepale haina, na bei yake haifanani hata kidogo. Beba doti kadhaa zaidi ya wanawake unaowajua, maana wiki ya kwanza watakuja kukuangalia mashangazi ambao baba hakukutajia. Ongeza visheti, achari ya maembe iliyofungwa vizuri, viungo vya pilau. Karafuu za Unguja na Pemba zina sheria zake za kutoka, usizitie begini kienyeji.

7. Weka noti ndogo, tena mpya

Oman kuna noti ya baisa 100, ya nusu riali na ya riali moja. Hizo ndizo silaha za sikukuu. Ikiwa Idi itakukuta huko, watoto watapanga foleni na watoto hawapungui; ukiwa na noti za tano tano tu umekwisha. Siku kumi kabla ya sikukuu nenda benki, au mtume binamu, ukachukue noti mpya zisizokunjika. Nusu riali mpya kwa mtoto mdogo, riali kwa mkubwa, na amua mapema kwamba aliyeshaoa hapati kitu.

8. Uliza mapema habari ya Salalah na ya Umra

Gharama kubwa kuliko zote si ya kila siku. Ni ile safari inayopangwa ghafla sebuleni baada ya Isha. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, Maskati ikiwa inaungua, Salalah kunanyesha manyunyu na milima inakuwa kijani, na nusu ya nchi inaendesha gari kama kilomita 1,000 kwenda kuiona. Nyumba za kupanga hupanda bei msimu huo, na mkigawana huwezi kusema wewe ni mgeni. Kama safari yako imeangukia miezi hiyo, muulize shangazi kwa simu kabla hujaondoka: mwaka huu mna mpango wa Salalah?

Umra nayo ni hivyohivyo. Kutoka Oman watu huenda Makka kwa mabasi ya hamla, yaani misafara ya vikundi vya Umra, na tangu Desemba 2021 kuna barabara ya moja kwa moja hadi Saudia kupitia jangwani. Nafasi nzuri, wallahi, lakini ina viza yake na pesa zake. Uliza ukiwa bado nyumbani, kisha iwekee fungu lake peke yake. Ukitegemea kuichota kwenye riali 10 za wiki, utafika wiki ya tano na kukopa kwa binamu, na deni la binamu husafiri haraka kuliko ndege.

9. Simu na usafiri

Nunua laini ya huko siku ya kwanza na uchukue kifurushi cha mwezi. Vya siku moja moja ndivyo vinavyokula. Upigaji simu kwa WhatsApp umekuwa ukizuiwa Oman kwa miaka mingi, kwa hiyo wazoeze wa nyumbani kusikiliza ujumbe wa sauti.

Maskati imejinyoosha kando ya bahari; kutoka Seeb hadi Mutrah ni kilomita 40 na ushei. Huwezi kutembea, hasa jua likishapita digrii 40. Mabasi ya Mwasalat yana kiyoyozi na nauli ya baisa tu, lakini hayaingii vichochoroni. Teksi ya programu ya simu inakuonyesha bei kabla hujapanda. Ile ya kusimamisha barabarani, patana kwanza. Nafuu kuliko zote ni kudandia: jua nani anaelekea wapi na saa ngapi, uwe umeshavaa viatu.

10. Maagizo ya watu hayatoki mfukoni mwako

Wiki moja kabla ya safari simu zitaanza. Niletee udi. Nitazamie simu, nasikia huko rahisi. Mwanangu anataka viatu, nitakulipa ukirudi. Jibu ni moja kwa wote, kwa upole: nipe pesa sasa, nikikipata nitakuletea na chenji yako. Nusu yao hutawasikia tena. Wanaobaki, pesa zao zitie bahasha yenye jina. Ukizichanganya na zako, mwezi wa pili utakuwa umekula viatu vya mtoto wa jirani.

11. Dhahabu utaiona, tulia

Soko la Mutrah linang'aa, na shangazi atasema kwake kuna duka la kuaminika. Dhahabu huuzwa kwa uzito na bei ya siku, kisha juu yake kuna ujira wa sonara, na huo ujira ndio unaopatanika. Ukitaka pete, weka fungu lake kabla hujatoka nyumbani. Kama hukuweka, nunua ubani wa Dhofar. Watu watafurahi vilevile, na begi zima litanukia.

12. Dada wa kazi ana bahasha yake

Miezi mitatu kakufulia, kakupigia pasi, kakuwekea chakula uliporudi umechelewa. Mara nyingi naye katoka Tanzania au Uganda, na usiku mmepiga soga jikoni. Riali 5 au 10 mpe yeye mwenyewe, mkononi, siku moja kabla ya kuondoka. Kwa mwenyeji mkono ni mwiko. Kwa dada ndiyo njia pekee.

13. Kilo tano ziache wazi

Blanketi na vyombo vizito vipeleke kwa kago ya meli mwezi mzima kabla, na uulize bei kwa ujazo na kwa kilo, uone ipi inakufaa. Ukijua begi litazidi, nunua kilo za ziada mtandaoni kabla ya siku ya safari. Kaunta ya uwanjani huwa ghali zaidi. Halafu funga begi, pima, na hakikisha umebakiza kilo tano. Usiku wa mwisho, saa nne, shangazi atatokea na ndoo ya halwa, mjomba atafuata na tende, na jirani wa nyumba ya tatu atatuma kifurushi cha dada yake wa Michenzani. Hakuna kati yao atakayekuuliza umebakiwa na kilo ngapi.