Akiba Haiozi, Lakini Mahindi Huoza



Wazee hutuambia kwamba akiba haiozi. Mimi nimeiona ikioza, tena kwa uzembe wangu mwenyewe. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze jinsi chakula cha akiba kinavyoharibika, na jinsi ya kukiweka hata kikafaa siku ya shida.

Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na kabla mwezi haujaisha magari ya abiria nayo yakakatazwa. Nilikuwa nimekwisha rudi kwetu Busoga. Nyumbani tulikuwa watu sita. Sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa chumbani mlikuwa na magunia mawili ya mahindi ya mavuno ya Desemba. Tulipofungua gunia la kwanza, tulikutana na harufu ya uvundo. Punje zilikuwa zimeshikana, nyingine za kijani, nyingine nyeusi. Gunia la pili lilikuwa vivyo hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Mvua za mwisho wa mwaka 2019 zilizidi kiasi, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuanika. Niliyaanika juu ya udongo mtupu siku tatu tu, nikachoka kuyaanua kila wingu lilipotanda. Nikayatia magunia nikasema, “Yamekauka.”

Wengine nyumbani walitaka tuyaoshe tuyasage, ati moto utaondoa ubaya wake. Bibi akakataa kabisa. “Mjukuu wangu,” akaniambia, “hicho si chakula tena. Chimba shimo.” Nikachimba. Baadaye nilisoma nikafahamu kwamba alituokoa. Kuvu wa mahindi huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu, nayo haiondoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Basi mahindi yenye kuvu yasiliwe, yasipewe kuku, wala yasipikiwe pombe.

Tuliponea nini? Bibi alikuwa na wimbi katika ghala yake ya fito iliyokandikwa samadi ya ng'ombe, na muhogo shambani. Wimbi lile lilikuwa la mwaka wa pili, nalo zima. Sababu yake ni kwamba punje ya wimbi ni ndogo mno, hata fukusi hawezi kukua ndani yake. Likikauka vema hukaa miaka mingi. Muhogo nao huweza kungoja ardhini mwaka na zaidi. Lakini muhogo mchungu una sumu, hapana budi uvundikwe na kuanikwa kabla ya kusagwa. Tena usiutegemee peke yake: katika miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato uliangamiza mihogo mingi Uganda, na watu wakaona njaa.

Sasa nieleze niliyojifunza.

Kwanza, fanya hesabu. Mtu mmoja huhitaji kama gramu 400 za unga na gramu 100 za maharagwe kwa siku. Watu sita kwa siku 90 watahitaji kilo 216 za unga na kilo 54 za maharagwe. Mwezi wa Aprili 2020 serikali ilipogawa chakula mjini Kampala, fungu la mtu mmoja lilikuwa kilo 6 za unga na kilo 3 za maharagwe. Kwa hesabu yangu, unga huo ni wa siku 15. Msaada ni jambo jema, lakini siku ya kumi na sita utakula nini? Wala usijaribu kupata vyote kwa siku moja. Sisi tuna mavuno mawili kwa mwaka. Tenga gunia moja la kilo 100 kila mavuno kabla ya kuuza, na baada ya mwaka umekaribia.

Pili, kausha. Mahindi ya kuweka yasiwe na maji zaidi ya asilimia 13. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha pima hivi: chukua chupa kavu, tia mahindi hata theluthi yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, maji yamezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, ongeza siku mbili za jua ndipo uweke.

Tatu, zuia wadudu. Fukusi tunamjua tangu zamani. Dumuzi alitoka Marekani ya Kati, akaonekana Tanzania mapema katika miaka ya 1980, naye huyafanya mahindi kuwa vumbi. Wote wawili huhitaji hewa. Ukijaza mahindi makavu katika pipa lenye kifuniko cha kubana, au katika mfuko wa tabaka tatu uliofungwa sawasawa, wadudu humaliza hewa iliyomo wakafa. Lakini ukifunga mahindi mabichi, utavuna uvundo kama mimi. Chombo kisiguse sakafu wala ukuta. Weka mbao chini yake.

Nne, andika mwezi na mwaka juu ya kila chombo. Mavuno mapya yakiingia, kula ya zamani, uweke mapya mahali pake. Akiba isiyoliwa kamwe ndiyo inayosahauliwa ikaharibika.

Wazee hawakusema uongo. Waliposema akiba haiozi, walikuwa wamekwisha anika siku zote zilizopasa. Nyumbani kwetu sasa mimi ndiye mwanikaji tena, lakini neno la “yamekauka” silisemi mimi. Husema chupa, na Bibi huitazama kwanza.

Wenu,
Mwanafunzi wa zamani