Kipimo cha ngozi kwa mzio wa nyuki: kinaaminika kiasi gani?

Swali: Daktari, nafuga nyuki pembezoni mwa Kampala. Wiki iliyopita nyuki mmoja aliniuma, nikawashwa mwili mzima, nikabanwa pumzi na kuzimia. Nikipimwa ngozi sasa, majibu yatakuwa ya kuaminika?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kipimo hicho ni kizuri, ila kina wakati wake. Majuma ya mwanzo baada ya kuumwa, ngozi huweza kunyamaza ilhali mzio upo. Subiri wiki 4 hadi 6, na uulize daktari lini uache dawa za mzio, kwani nazo huficha majibu.

Mpimaji huanza kwa kuchoma ngozi juujuu. Pasipovimba, hudunga ndani ya ngozi sumu ya nyuki iliyozimuliwa, hatua kwa hatua hadi mikrogramu 1 kwa mililita. Majibu yakiwa hasi, pima kingamwili za IgE katika damu, kisha rudia kipimo cha ngozi. Yaliyokupata yana uzito kuliko jibu moja.

Kwa upande mwingine, wengi huvimba wakipimwa ingawa hawajawahi kudhurika. Tena, ukubwa wa uvimbe hautabiri ukali wa dhara lijalo.

Kwa sasa, usikaribie mizinga. Mwombe daktari adrenalini ya kutembea nayo: mtu mzima hudungwa miligramu 0.5 katika msuli wa paja, papo hapo, ndipo akimbizwe hospitali. Foleni za Kampala hazimsubiri mgonjwa.