Ukibonyeza "Lipa" Mara Mbili, Nini Kinazuia Ukatwe Mara Mbili?

Uko kwenye tovuti ya duka fulani na umechagua viatu vya Sh1,800. Unabonyeza "Lipa", kidirisha kidogo kinatokea juu ya ukurasa, unaandika namba ya simu, unabonyeza "Endelea". Halafu kimya. Kiduara kinazunguka tu. Unabonyeza tena. Sasa umeomba kulipa mara moja au mara mbili?

Inategemea kidirisha hicho kilivyotengenezwa. Leo tuangalie kinachoendelea nyuma yake, ili ujue la kufanya ukilipa, na kama una duka mtandaoni, ujue cha kumuuliza fundi wako wa tovuti.

Safari ya fomu

Kidirisha chenyewe hakiwezi kukata pesa. Ukibonyeza "Endelea", ulichoandika kinatumwa kwa seva ya duka. Programu za seva hizi zinaweza kuandikwa kwa Python, kwa kutumia zana kama Django au Flask. Programu inakagua: namba imekamilika? Kiasi ni sawa na bei ya oda? Ikiridhika, inauomba mfumo wa malipo ukutumie ujumbe wa kuweka PIN kwenye simu yako.

Shida ni kwamba kila ukibonyeza, ombi jipya linaweza kuondoka. Seva isiyo na kinga haijui kwamba ni wewe yuleyule umekosa subira. Inaona maombi mawili, inayashughulikia yote mawili.

Kazi ya fundi

1. Kitufe kizimwe kikishabonyezwa, kiandike "Subiri". Hii inasaidia, lakini haitoshi, kwa sababu mteja anaweza kufungua ukurasa upya na kujaza tena.

2. Kila oda iwe na namba ya kipekee. Python ina moduli ya uuid inayotengeneza namba kama hizo. Namba inasafiri pamoja na fomu, na hifadhidata inakatazwa kuipokea mara mbili. Ombi la pili likija na namba ileile, seva inarudisha jibu la ombi la kwanza bila kuomba pesa tena. Jaribio jipya liruhusiwe tu ikithibitishwa kwamba la kwanza limeshindwa.

3. Makosa yaonekane ndani ya kidirisha. Fomu ikitumwa kwa njia ya kawaida, ukurasa wote unapakiwa upya, kidirisha kinapotea, nawe unabaki hujui kilichotokea. Afadhali JavaScript itume fomu kimyakimya, na Python irudishe jibu fupi. Kama namba imepungua tarakimu moja, seva ijibu kwa msimbo wa 400 na maelezo yake, kidirisha kibaki wazi, na ulichoandika kisifutwe.

4. "Tumepokea ombi" isiandikwe "Umelipa". Matokeo ya malipo huifikia seva baadaye, kwa ujumbe tofauti kutoka mfumo wa malipo: umeweka PIN, umeghairi, au salio halitoshi. Mpaka hapo, kidirisha kiseme tu "Tunasubiri uweke PIN".

Kazi yako wewe mlipaji

Kabla ya kubonyeza tena, angalia simu. Ujumbe wa PIN umefika? SMS ya kuthibitisha imeingia? Mtandao ukiwa mzito, ombi linaweza kuwa limefika lakini jibu ndilo limechelewa.

Soma jina la biashara na kiasi kabla ya kuweka PIN. Kama umeshalipa na ujumbe wa pili wa PIN ukatokea, ughairi. Usipoweka PIN, ombi hilo la pili halikati kitu. Unaweza kukatwa mara mbili ukiweka PIN haraka haraka bila kusoma.

Na hili ulishike: PIN huwekwa kwenye ujumbe unaotokea kwenye simu yako, kamwe si ndani ya kidirisha cha tovuti. Duka linahitaji namba yako ya simu tu. Kidirisha kikikuomba PIN, funga ukurasa huo, hata kama una nembo unayoijua. Nembo mtu yeyote anaweza kunakili.

Ukikatwa mara mbili, usifute SMS. Kila moja ina msimbo wake wa muamala, na hiyo ndiyo itakayoonyesha ni malipo mawili. Wasiliana mapema na duka na huduma kwa wateja.

Una duka mtandaoni? Jaribu leo

Chukua simu yako, agiza kitu cha bei ya chini kabisa dukani kwako, kisha ubonyeze "Endelea" mara mbili haraka. Ghairi ombi la kwanza likitokea, usubiri kidogo. Ukiona ujumbe wa pili wa PIN bila kubonyeza tena, mpigie fundi wako kabla wateja hawajakupigia wewe.